Wino Mwekundu na Minazi ya Shangazi Mwanahamisi

Makorora

Tangu nirejee sijapita njia ya sokoni nikaachwa nifike niendako. Kila anayenipa salamu huambatanisha swali: yalikuwaje huko Ushongo, Mwalimu? Nimewajibu wengi kwa maneno machache, na maneno machache yamezaa uvumi mwingi. Wapo wanaosema nilipigana na watu wenye misumeno. Wapo wanaosema niliokoa shamba zima. Yote mawili si kweli, na la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Nimeona niandike, ili atakayeuliza tena apewe karatasi hizi azisome mwenyewe.

Mnaijua kazi yangu. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nafundisha Kiingereza. Ukutani mwa darasa langu nimebandika orodha ya maneno ambayo Waingereza huyatumia kwa kitendo cha kukata, maana nimechoka kuona wanafunzi wakiandika neno moja, *cut*, kwa kila kitu kuanzia nywele hadi nguzo. Nimewaandikia kwamba *slice* ni kukata vipande vyembamba kama vya mkate, *chop* ni kukata kwa pigo la shoka au kisu kizito, *trim* ni kupunguza ncha tu, *prune* ni kupogoa, na *fell* ni kuuangusha mti wenyewe. Nimewaonyesha pia wapi herufi ya mwisho hurudiwa na wapi hairudiwi. Naipenda orodha ile. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Majuma mawili kabla ya safari, binamu yangu Rajabu, mwana wa shangazi yangu Mwanahamisi wa Ushongo, alinitumia kwa simu picha ya karatasi ya Kiingereza pamoja na maneno haya: "Kaka, itazame hii kabla hatujairudisha." Ilikuwa barua ya ridhaa. Ilisema kwamba mwenye kutia sahihi hana pingamizi juu ya kupunguzwa, kuangushwa na kukatwa kwa minazi yote iliyomo katika shamba fulani la Ushongo, lililonunuliwa na mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba za watalii. Nilipoisoma nilighadhibika. Mwandishi alikuwa ameandika *triming* kwa m moja, *feling* kwa l moja na *cuting* kwa t moja. Nikaichapisha, nikatoa kalamu nyekundu, nikaongeza herufi tatu, nikaweka nukta zilizokosekana, na chini nikaandika: "Sasa inasomeka." Nikaipiga picha nikamrudishia Rajabu. Siku ile nilishinda na raha ya mtu aliyefagia uwanja.

Shamba lile nalijua. Nimekunywa madafu yake tangu utotoni. Mchanga wake ulikuwa wa ukoo mwingine, lakini minazi kumi na tisa iliyo juu yake aliipanda marehemu mume wa shangazi, akamwachia mkewe. Ndivyo tulivyo watu wa pwani hii: ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti wa yule, na wote wawili wakalala usingizi. Shangazi hana shamba jingine. Nazi anazouza, mafuta anayopika, makuti anayosuka, vyote vyatoka katika minazi ile. Nilijua yote hayo, na hata moja halikunijia akilini. Macho yangu yalikuwa kwenye herufi.

Jumanne asubuhi Rajabu akapiga simu.

"Kaka, watu wa mashine wanaingia kesho."

"Mashine gani?"

"Ya kukata minazi. Minazi ya mama. Yote."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ile karatasi, kaka."

Sikumaliza chai yangu.

Hadi Kigombe

Basi liliondoka kwa haraka ya kupendeza na likafia Kigombe. Dereva alishuka, akafungua boneti, akatutangazia dakika kumi. Dakika hizo zilianza saa nne na kwisha saa kumi na moja jioni. Sisemi kwamba gari lisiharibike. Chuma ni chuma. Ninachokishutumu ni huku kusema "dakika kumi" mbele ya watu wazima, kisha kurudia maneno yaleyale kila saa kwa uso mkavu, na abiria kuitikia kana kwamba tumeambiwa jambo jipya. Taifa linalokubali dakika kumi za namna ile litakubali lolote likiwekwa juu ya karatasi. Niliyasema hayo kwa sauti. Hakuna aliyenijibu ila mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami juu ya gogo.

"Mwalimu, eti?"

"Umejuaje?"

"Mtu mwingine angemtukana dereva tu, akanyamaza. Wewe umeingiza na taifa."

Akajitambulisha: Mama Neema, Mlutheri, mzaliwa wa shamba la mkonge. Baba yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, akafa hajarudi kwao. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha ndani ya bakuli lenye kifuniko, na chumvi iliyotwangwa pamoja na pilipili. Akanisogezea bila kuniuliza kama nina njaa. Nilikula kwa mkono mmoja, kwa mwingine naandika rasimu ya barua kwa mwenye shamba. Nilikuwa natafuta neno la Kiingereza lenye makali ya kutosha. Akataka kujua naandika nini. Nikamweleza, na kwa kuwa muda ulikuwepo, nikamweleza na orodha yangu yote: wenzetu wana neno la kukata mti, jingine la kukata matawi, jingine la nyama, jingine la manyoya ya kondoo.

"Nasi je?" akauliza. "Matawi si tunapogoa? Kuni tunachanja. Nyasi tunafyeka. Ndevu tunanyoa. Mbuzi tunachinja, ninyi Waislamu mkitangulia, nasi tunakula. Tembo la mnazi tunagema. Nazi tunaangua. Hao watoto wako darasani, maneno haya wanayajua?"

Nikasema kweli. "Hawayajui. Kwao yote ni kukata."

"Ahaa. Basi unawavisha koti na suruali hawana."

Nikamwambia kwamba mtaala haukuandikwa na mimi. Akacheka, akamega kipande kingine.

"Na wewe mwenyewe, Mwalimu, kwa maneno yote hayo, umewahi kukata nini?"

Nilikasirika. Nikainamia rasimu yangu mpaka basi likawaka.

Pangani

Tuliingia Pangani jua limeshazama. Upande wa pili wa mto hapakuwa na chombo cha kunifikisha Ushongo saa ile, nikapanga chumba. Baada ya sala ya magharibi nilitafuta mahali pa kuchapisha barua yangu, nikaelekezwa duka la Bwana Shabiri, mtu wa asili ya Kihindi ambaye babu yake pia aliuza karatasi palepale. Dukani kuna daftari, kandili, dawa ya mbu na mashine ya kuchapa. Nilipomtajia jina langu na kwamba natoka Makorora kwenda Ushongo, alisimama akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kumbe ndiye Mwalimu wa wino mwekundu! Karibu, karibu. Kazi safi sana, bwana."

"Wino upi?"

"Ile ridhaa ya minazi! Nimeichapa mimi hapa. Nakala nne. Kila uliposahihisha nimefuata, hata nukta. Ile ya kwanza ilikuwa aibu, nilimwambia yule bwana wa saiti, hii mimi sichapi, itaharibu jina la duka. Ilipokuja na wino wako, nikachapa."

Haya hayakuwa maneno niliyotarajia kuyasikia. Nikamwuliza kama hakuona kwamba karatasi ile inamwondolea mjane chakula chake. Akaacha mkono wangu.

"Bwana, mimi nachapa. Mtu akija na kadi za arusi, namwuliza bi arusi ni mtoto wa nani? Nilijua imepita kwa mwalimu. Nani atamhoji mwalimu?"

Nilimlaumu kwa maneno makali, na maneno yale nayasimamia hata leo: mchapaji naye ana dhamiri. Alinichapia barua yangu vizuri, akaitia katika bahasha, akanitumia mtoto wake wa kike na sahani ya biriani mpaka chumbani kwangu. Sikupenda kuila. Niliila yote, kwani ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa na njaa, na usiku nililala nikijua kwamba ile barua mbovu, lau ningeiacha na ubovu wake, isingepita hata mlango wa duka lile.

Kuvuka kwenda Bweni

Asubuhi kivuko kilikuwa kinalisubiri lori moja lilete makalio yake yote juu ya sakafu. Nyuma ya lori palifunikwa turubai. Mbele walikaa vijana wawili na mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye fulana safi na adabu ya watu wa milimani. Tulipoanza kuvuka, alishuka akaja kunisalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee unaenda wapi?"

"Ushongo."

"Basi usihangaike na bodaboda. Panda na sisi, tutakudropu. Tunaenda saiti hukohuko, no stress."

Hapa ndipo pananichoma. Mtu amenipa heshima, amenipa gari, na mimi nikampa mhadhara. Nilimwambia kwamba Kiswahili kina neno la kushusha na kina neno la wasiwasi, kwamba mtu anayechanganya lugha mbili huwa hajaiheshimu hata moja, na kwamba nisingependa kusafiri mwendo mzima nikisikia lugha ikichinjwa bila bismillahi. Wale vijana wawili wakatazama maji. Yeye akasema tu, "Sawa mzee. Safari njema."

Mtu wa akili ya kawaida angeuliza turubai limefunika nini. Lakini sikio langu, likisikia kosa la usemi, haliendelei kusikia kinachosemwa. Nilikuwa nimeambiwa "saiti" na "Ushongo" katika sentensi moja, nikasahihisha sentensi.

Bweni hadi Ushongo

Bodaboda ilipata pancha katikati ya njia. Kijana wake hakuwa na pampu. Alikuwa na simu, nayo haikuwa na chaji. Nilimwambia niliyomwambia, sitayarudia hapa. Nikatembea kwa miguu, viatu vya darasani vikimeza mchanga, mkoba mkononi, barua ya Kiingereza ndani ya mkoba. Jua lilikuwa limeshapanda vizuri niliposikia mngurumo wa msumeno wa mashine, mwembamba kama wa nyigu. Ulinyamaza. Kisha nikasikia kishindo, na ardhi ikaleta kishindo kile hadi kwenye nyayo zangu. Nilikimbia. Mimi, wa miaka hamsini na tatu, nilikimbia nikiwa na mkoba.

Nilifika nikahesabu minazi saba chini. Mbele yake lilisimama lile lori, turubai limekunjwa. Na aliyekuwa akitoa amri alikuwa yuleyule wa kivukoni. Jina lake, nilikuja kujua, ni Elia.

"Mzee," akasema kwa upole ulioniumiza, "si ungepanda tu gari."

Ushongo

Niliinua mkono nikapiga kelele wasimamishe, wakasimamisha, nadhani kwa mshangao. Elia akatoa nakala ya karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri, kila herufi mahali pake, na chini kabisa dole la shangazi la rangi ya zambarau. Akasema mwenye shamba ana hati ya kununua, na huyu bibi ameridhia mbele ya mtoto wake. Kosa liko wapi? Nikamwambia minazi si ya aliyeuza. Akanitazama bila kuelewa.

"Kwetu Lushoto, mzee, ukinunua shamba umenunua na mti wake. Mti utabaki wapi?"

Hakuwa akinidhihaki. Kwao ndivyo ilivyo. Wakati Rajabu amekimbia kumwita mwenyekiti wa kijiji, mimi nikaenda kwa shangazi. Alikuwa ameketi kibarazani, anasuka kuti, hatazami upande wa shamba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umefika, Hatibu."

"Shangazi, kwa nini uliweka dole?"

Hakuacha kusuka. "Nilimwambia Rajabu, hii siwezi kuisoma, mpelekee mwana wa kaka yangu. Ikarudi ina wino mwekundu wako kote, kama mtu aliyechanjwa chale. Nikamwuliza, kasemaje? Akanisomea: 'Sasa inasomeka.' Nikasema, basi, Hatibu kaipitia, keshaitoa ubaya wake. Nikatoa dole. Mimi nisome nini tena, mwanangu?"

Nilisimama pale na barua yangu ndani ya mkoba. Sikuitoa.

Mwenyekiti alikuja na watu wakakusanyika baina ya miti iliyolala. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitazama karatasi mbele na nyuma, akasema mila ya pale anaijua, mwenye mchanga ni mmoja na mwenye mti ni mwingine, lakini mwenye mti akiridhia mwenyewe, mila haina mkono. Akamgeukia shangazi.

"Bi Mwanahamisi, dole ni lako?"

"Langu."

"Uliambiwa maana yake?"

Shangazi akatazama chini. Nikafahamu anachokifanya. Ndugu zake wote walikuwa pale, na majirani walioambiwa miaka mingi kwamba wana mtu wao msomi huko Tanga. Akisema kweli, ataniangusha mbele yao. Akinyamaza, dole lake linasimama na minazi kumi na miwili iliyobaki inakwenda. Alikuwa amechagua kunyamaza. Yule mama mzima alikuwa tayari kuupoteza mkate wake ili mimi nibaki Mwalimu.

Nikasema, "Hakuambiwa. Alinitegemea mimi."

Nikayaeleza yote. Elia alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akauliza pole pole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia vizuri:

"Kwa hiyo uliisoma yote, mzee?"

"Yote."

"Ukaona imeandikwa minazi."

"Niliona."

"Ukarekebisha herufi."

"Nikarekebisha herufi. Tatu."

Palikuwa na mzee mmoja mfupi mwenye miguu iliyopinda, aliyeitwa Kombo, ambaye kazi yake ni ukwezi, kupanda minazi ya watu na kuiangua. Huyu alicheka waziwazi. "Loo! Msomi huyu! Nyumba inaungua, yeye anamwambia mwenye moto ashike kiberiti sawasawa."

Nililistahili. Kisha Kombo huyohuyo akaukaribia mmoja wa minazi iliyosimama, akaweka mguu katika kidato cha kwanza, kile kipandio kinachochongwa katika shina, na kwa pumzi chache akawa nusu ya mti. Akazungumza kutoka huko juu. Vidato vile, alisema, vilichongwa na baba yake kwa amri ya mume wa Bi Mwanahamisi, kwa kipimo cha mguu wao mfupi wa ukoo. Kila msimu wa kuangua, anayemwita ni huyu mama. "Muulizeni huyo aliyeuza mchanga," akasema, "kama alishaniita hata siku moja nimwangulie dafu. Mwenye mnazi ni yule anayemwita mkwezi. Hamjui hilo?"

Walijua. Elia ndiye aliyekuwa hajui, naye akaomba aende kando apige simu. Alizungumza muda mrefu. Aliporudi alisema tajiri amekubali kazi isimame na kwamba atajenga kwa kuizunguka ile iliyobaki, mradi iandikwe. Akawaamuru vijana wake wafunge mashine. Kisha akaja kwa shangazi, akachutama, akamwomba radhi kwa ile saba, kwa Kiswahili ambacho sikupata ndani yake kosa lolote. Na hata lau lingekuwemo, ningenyamaza.

Mwenyekiti akanipa kalamu. Safari hii ya bluu. Akasema iandikwe kwa Kiswahili, na shangazi ndiye atamke. Nikaketi juu ya shina lililoanguka, nikaandika kama mwanafunzi anayeandika imla.

"Andika, minazi kumi na miwili ni ya Mwanahamisi."

Nikaandika.

"Andika, mwenye mchanga asiikate, asiichome mizizi, asiifunge waya. Makuti makavu Kombo atayashusha. Andika na hilo la Kombo."

Nikaandika na la Kombo. Nikausoma waraka mara tatu kwa sauti, mara ya tatu kwa sababu shangazi alisema hakusikia vizuri, ingawa nilimwona akiitikia kwa kichwa kila neno. Ndipo akatoa dole.

Nilitaka kuondoka alasiri hiyohiyo. Hakunipa ruhusa. Kombo alikuwa amepasua kilele cha mnazi mmoja kati ya ile iliyoanguka na kuutoa moyo wake mweupe, ule unaoitwa shaha, ambao haupatikani ila mti umekufa. Shangazi akaukata vipande, akaupika kwa tui zito la nazi za mti uleule, akanipakulia sahani iliyojaa, akaketi mbele yangu.

"Kula."

Nikala. Ulikuwa laini, mtamu, na kila tonge lilinishinda kumeza. Nilipofika nusu nikasema, shangazi, Mungu akuzidishie, nimeshiba. Akachukua upawa, akaniongeza.

"Kula mwanangu. Huo ni wa mnazi mmoja. Bado sita."